Saba Kwenye Bati

Namba ile ya gari ilinigharimu shilingi arobaini na majogoo wawili, au watatu ukimhesabu yule aliyetoroka mlangoni kwa karani wa kuandikisha magari, nikalazimika kununua mwingine.

Miaka ile ya sitini, mwenye gari alijulikana kwa namba kabla ya sura. Mwenye duka mmoja wa Malaba alitaka namba ya sanduku lake la posta, ili mteja akikariri moja awe amekariri zote mbili. Mwalimu wa Mukuju alitaka mwaka aliobatizwa. Mimi nilikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea pamba na mihogo, na watoto saba. Nikataka saba, peke yake, bila sifuri ya kuisindikiza.

Nilipofika nyumbani Iyolwa, mama aliizunguka pikapu, akasimama mbele.

"Hiyo saba ya nini?"

"Ya wajukuu zako, mama."

Akashika kichwa. "Umewahesabu? Tena ukawabandika kwenye bati, kila mpita njia asome?"

Kwetu watoto hawahesabiwi, wasije wakapungua. Ukimwuliza mwanamke anao wangapi, atakujibu: wapo. Mimi, ninayehesabu hata mihogo ya jirani, hilo moja nililisahau. Nikacheka. Siku ya nne kitindamimba wetu akashikwa na homa kali, tukamlaza hospitali Tororo. Sikucheka tena.

Nikaenda kwa karani kumrudishia namba yake.

"Mzee, saba hii watu nalilia, wewe narudisha?"

"Nibadilishie tu."

Akafungua daftari, kidole kikashuka polepole. "Ndogo nabaki moja. Sita."

"Hapana! Hiyo hata bure sichukui!"

"Kwani sita nakukosea nini?"

"Kubwa je?"

"Kubwa iko mingi. Lakini gari nabaki hapa mpaka kadi natoka Kampala. Mwezi moja."

Mwezi bila gari, na mama watoto analala sakafuni wodini akingoja uji ninaompelekea asubuhi na jioni! Nikaondoka na saba yangu.

Mama akaipaka tope. Mvua ikaiosha. Akaipaka tena. Nami kila niliporudi kutoka hospitali nilipita penye mikeka ya watoto nikijikaza nisihesabu, kisha nikashtuka kujikuta nimeishia sita.

Wiki ya tatu mtoto alirudi nyumbani kwa miguu yake. Mama alisema ni tope, daktari alisema ni sindano. Sikubishana na yeyote.

Pikapu ilikufa zamani, ikauzwa chuma chakavu. Bati la namba nilibaki nalo, limefungwa kwenye gunia ghalani. Mama hayupo tena wa kuuliza. Watoto wapo. Kulitupa naogopa, kulitunza naogopa. Wewe unayesoma, kama kwenu nako watoto hawahesabiwi, niambie: bati hili nilifanye nini?