Mlango wa Akina Mama

Mpaka leo nikisikia harufu ya chokaa mbichi, moyo hunilipuka kama siku ile nilipokuwa na miaka tisa, nimesimama juu ya benchi na kijiko cha Mama mkononi.

Kanisa letu la Kensington lilijengwa na wachimba dhahabu kutoka Wales. Wazee walisema waliiga kanisa la kijijini kwao: dogo, madirisha membamba, kuta nene za mawe. Wajukuu wao walipohama, tukaliingia sisi Waswahili wa Johannesburg: Wakongo, Warundi, na Watanzania kama Mama, aliyeolewa na Baba, Mwafrika Kusini, wakati Baba alipokuwa mkimbizi Morogoro. "Usione vyaelea, vimeundwa," Mama alipenda kusema akiyapapasa mawe yale, utadhani aliyabeba yeye.

Ubavuni kulikuwa na mlango mdogo. Akina mama waliupenda mno, maana ulikuwa karibu na jiko, na mtoto akilia unatoka naye bila kupita mbele za watu. Tukauita mlango wa akina mama. Watu wote waliupita isipokuwa Baba. Hata mvua ya mawe ikinyesha, alizunguka hadi lango kubwa, akaingia amelowa chepechepe. "Mume wangu na maringo yake," Mama alinung'unika, nami nikaona aibu.

Kila mkesha wa Pasaka tulikwangua chokaa kuukuu kwa vijiko vya jikoni, tukapaka mpya. Mwaka ule nilipewa sehemu ya juu ya mlango mdogo. Tabaka moja likabanduka, kubwa kama chapati. Chini yake palikuwa na herufi nyeusi za Kiingereza.

"Inasema nini, mtoto?" akauliza Mama Furaha, fundi cherehani wa Kikongo, uso umemchangamka. Alidhani ni mstari wa Biblia.

Nikawasomea kwa Kiswahili, kwa sauti, kama nilivyozoea kuwasomea barua za shule: "Watumishi weusi waingilie hapa."

Ndoo ilimponyoka Mama. Chokaa ikamwagika miguuni mwake, asijongee. Mlango niliokuwa nikiukimbilia kila Jumapili!

Baba alikuja akatazama juu, kisha chini. "Eish," akasema taratibu. "Mama yangu alikuwa anafagia hapa. Jumapili alikaa pale nyuma ya nguzo."

"Na hukuniambia?" Mama akalia.

"Mlikuwa mnaupenda. Ningewaharibiaje?"

Asubuhi ya Pasaka akina mama wote, masufuria ya pilau kichwani, walizunguka hadi lango kubwa. Hakuna aliyewaamuru. Maandishi yalikuwa bado wazi. Hakuna aliyethubutu kuyapaka. Ndipo Baba akanishangaza kuliko chokaa ile: aliinamisha kichwa, akapita mlango mdogo, peke yake, akaketi nyuma ya nguzo.

Nilikasirika. Leo ndiyo anaupita? Nikamfuata nikitaka kuketi kando yake. Akaweka kiganja juu ya benchi.

"Hapo pana mtu, mwanangu."

Nikaketi upande wa pili wa kiganja chake, nikidhani anamwekea Mama nafasi. Nilipozaa mwenyewe ndipo nikaelewa kwamba ibada nzima bibi yangu, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa ameketi kati yetu.