Mwenye Kesi Hapikii Waamuzi

Alfajiri, soko la Arua bado lina umande, na Mama Ayikoru ameshapiga magoti mbele ya mafiga. Anapuliza moto, anakohoa, anautukana kidogo, anapuliza tena. Sufuria ya kwanza ni ya chai. Ya pili ni ya enyasa, ugali wa ulezi na muhogo, anaousonga kwa mikono miwili mpaka jasho linamtiririka.

"Karibu, kaa," anamwambia mwandishi wetu bila kugeuka. "Kwanza kula. Maneno iko, haitakimbia."

Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Aroi. Siku nzuri humwachia shilingi hamsini hivi baada ya kununua kuni na unga. Ndiyo maana mji mzima ulishangaa mwezi huu wa Novemba 1979, alipoikataa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

Kamati ya serikali mpya, iliyoingia mwaka huu kwa vita, ilikuwa inakuja Arua kwa siku mbili kusikiliza wananchi: mahakama ya juu kabisa iundweje upya, na majaji wake wateuliwe na nani. Wapo wanaotaka rais awateue peke yake. Wapo wanaosema hapana, tumeyaona ya kuyaona. Bwana Ocama, karani wa ofisi ya wilaya, alimjia Mama Ayikoru mbio na habari njema: awapikie wageni wote. Malipo yangetosha kununua mabati ya paa lake linalovuja.

Alikataa.

"Nilidhani anaringa," anasema Ocama, leo akicheka. "Nikamwambia, Mama, hii ni chakula tu! Nani atahongwa na kunde?"

Kunde hazikuwa na neno. Neno lilikuwa Koboko.

Huko Koboko, Mama Ayikoru na marehemu mumewe walijenga hoteli ndogo ya chai na chakula. Mwaka 1974 ofisa mmoja wa jeshi aliipenda, akaichukua. Hivyo tu! Mwaka uliofuata mume akafariki. Mjane akashtaki, jambo ambalo wengi wakati ule hawakuthubutu. Akashindwa, akakata rufaa, akashindwa tena. Ikabaki mahakama ya juu, ile ambayo nchi tatu za Afrika Mashariki zilikuwa zikiitumia pamoja. Mwaka 1977 nayo ikavunjika, na shauri lake likakwama njiani. Mpaka leo ndugu wa ofisa yule anauza bia katika hoteli ile.

Kwa hiyo mahakama itakayotokana na kazi ya kamati hii ndiyo anayoitegemea imrudishie mali yake.

"Kwa bibi yangu kule Aroi," anaeleza, "wazee nakaa kusikiliza kesi, chakula iko lazima. Lakini mutu ya kesi hapana gusa sufuria. Hata maji hapana teka. Napika mutu ya pembeni. Juu ya nini? Ukishiba kwa mkono yangu, utanihukumu namna gani?"

Kazi ile akampa Scholastique, mama kutoka Zaire anayeuza dagaa na chumvi Vurra, mpakani. Jina hili Mama Ayikoru halitaji bila kuweka mkono kifuani. Vita vilipofika mwaka huu na watu wakakimbia, Scholastique ndiye aliyemfungulia mlango, akampa kitanda na sufuria ya kuanzia.

"Alinilisha wakati sina hata kijiko," anasema, na machozi yanamlengalenga. "Mungu ampe. Mabati yangu ikienda kwake, iko nyumbani."

Scholastique mwenyewe hataki sifa. "Dada yangu iko kichwa nguvu!" anasema. "Mi namwambia, batu banakula tu, banaenda. Anakataa! Basi, ndo mi nikapika."

Siku ya pili ya mkutano, Mama Ayikoru akiwa hana sufuria ya kuangalia, alisimama ukumbini. Msemaji aliyemtangulia alikuwa amesema nchi ni nyumba, na nyumba ina baba mmoja.

"Mimi napika, sijui sheria," alianza. "Lakini mukubwa naye iko na kesi. Leo serikali nachukua shamba ya mutu, kesho mutu nashitaki serikali. Sasa kama mukubwa peke yake nachagua majaji, peke yake nawalisha, peke yake nawafukuza, si ni mwenye kesi nashika sufuria? Wacha watu ya pembeni ipike!"

Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti wa kamati akatabasamu, akamchokoza: "Wapishi wakiwa wengi, Mama, si chakula kitachelewa?"

"Wacha ichelewe," akajibu. "Sumu hapana ingia."

Kamati imerudi Kampala. Uamuzi haujatoka, paa bado linavuja, na hoteli bado si yake. Lakini Mama Ayikoru anashukuru: yuko hai, ana Scholastique, na amesema neno lake mbele ya wakubwa akarudi nyumbani salama. Zamani hilo la mwisho halikuwa dogo.

Anao mpango. Kwa bibi yake, kesi ikishakwisha, mwenye kesi ndiye anayeshika sufuria na kuwalisha wote, waamuzi na mshindani wake. Siku hukumu itakaposomwa, anasema, atapika enyasa na kunde zilizoungwa kwa simsim, yaani ufuta, na hatataka hata senti.

Hata akishindwa?

Mwiko unaendelea kusonga.

"Hata nikishindwa. Si watakuwa wamenisikia? Na huyu ndugu ya ofisa, nitampakulia wa kwanza."