Mtani wa Askari

Kwetu Tongoni binamu hana adabu, wala hatakiwi kuwa nayo. Mtoto wa mjomba ni mtani wako: atakufichia viatu siku ya harusi yako, atadai chai kwenye msiba wa baba yako, na ukikasirika aibu ni yako wewe. Mtani hashtakiwi. Sheria hiyo tumeikuta, na mimi mwenye ulimi mrefu kuliko kanga ninayojitanda nimeitumia vya kutosha.

Kwa hiyo siku ya hitima ya babu yetu hakuna aliyeshangaa binamu yetu, mtoto wa mjomba, alipotokea chumbani amevaa koti la marehemu, anakohoa kama marehemu, anauliza ni nani aliyemaliza tambuu yake. Watu walicheka hadi machozi. Nami nilicheka, upawa mkononi, nimeinamia pilau. Ndugu yangu mdogo alikuwa amesimama uani na birika, anawanawisha wageni mikono.

Huyu ndugu yangu alikuwa askari. Walimpeleka kulinda amani nchi za watu, na huko gari lao likashambuliwa, wenzake waliokaa kulia na kushoto kwake wakafa. Mkataba wake ulipokwisha alirudi nyumbani, akatukuta mama, mimi na wanangu tunamsubiri na maandazi. Mwili ulikuwa mzima. Lakini hakula akiwa ameupa mlango mgongo, alilala ameketi, na ukimjia bila kubisha aligeuka upesi kiasi kwamba wanangu walijifunza kupiga hodi ndani ya nyumba yao wenyewe. Mama akaacha kutwanga alfajiri. Mama alimpeleka kwa mganga kuzinguliwa, mimi nikampeleka hospitali, daktari akampa vidonge na kumwambia arudi kila mwezi. Hakurudi. Mtaa mzima ulimwita afande, na ulimsamehe kila kitu. Alimkaba muuza samaki, wakasema ametoka vitani huyo. Alivunja dirisha la jirani, wakasema mwacheni. Mwenye kovu usidhani kapoa, ndivyo wahenga walivyotuonya, lakini sisi hatukuona hata kovu.

Basi siku hiyo ya hitima binamu alichukua mchi, akamnyatia ndugu yangu pale uani, akamwekea ncha mgongoni.

"Mikono juu, afande!"

Birika lilianguka. Kicheko kiliendelea kidogo, maana wengine walidhani naye anajibu utani. Ndugu yangu hakutukana wala hakupiga kelele. Alipiga tu, bila haraka, kama mtu anayefua nguo. Wanaume walimvuta wakashindwa. Alipoacha, aliacha mwenyewe, akamtazama binamu pale chini, kisha akatutazama sisi tuliobaki, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta ni nani anafuata. Damu niliiona, lakini kilichonitisha ni kule kututazama.

Taya la binamu lilivunjika, na jicho lake moja halioni hadi leo. Mjomba, baba yake, alikataa katakata kushtaki. Lakini hospitali haimtibu aliyepigwa bila karatasi ya polisi, na polisi wakishaandika, kesi si ya mjomba tena, ni ya Jamhuri. Ndugu yangu akawekwa rumande. Sitasema uongo: ile miezi tulilala usingizi.

Siku ya hukumu, mahakamani mjini Tanga, tulikaa kwenye benchi la nje pamoja na mwanamke mmoja wa Kibondei kutoka Muheza, naye akisubiri kesi ya mwanawe. Mama yangu alimweleza, kama alivyomweleza kila aliyepita, kwamba wakili wetu kasema askari aliyelitumikia taifa hahukumiwi kama mhuni. Lazima mahakama imtazame kwa jicho jingine. Yule mwanamke alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Wangu kamkata mtu panga huko kwenye mashamba ya mkonge," akasema. "Baba yake alikuwa mlevi, kampiga tangu hajajua kutembea. Mwanangu naye humjii kwa nyuma, mama. Akishtuka hajui wewe ni nani. Lakini hakuvaa gwanda."

Nilijua vita vilimharibu ndugu yangu, na kwamba hakujipeleka, alitumwa kwa niaba yetu sote. Nilitaka taifa lililomtuma limtazame, tena kwa macho mawili. Ila kumtazama ni kumfanyia nini? Kumpunguzia jela ni rahisi, hakimu anasema neno moja watu wanarudi kwao. Kumponya ndiko kugumu, na habari ya kumponya sikumsikia mtu akiitaja, si wakili, si mama, si hao waliomwita afande. Nilikasirika pale kwenye benchi, na sikujua nimkasirikie nani.

Tulipoitwa ndani, ndugu yangu alisomewa shtaka kwa mara nyingine, akajibu, "Ni kweli." Mwendesha mashtaka akasema jicho la binamu halikuuliza kama aliyelitoboa ana nishani au hana. Wakili akasimama, akasimulia vita kana kwamba alikuwepo. Kisha hakimu akamwuliza mshtakiwa kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu.

"Naomba mahakama isinirudishe nyumbani."

Wakili akamvuta shati. Hakimu akauliza kwa nini.

"Nyumbani kuna mama, kuna dada yangu, kuna watoto. Mheshimiwa, sijui ni nani atapita nyuma yangu."

Hakimu akavua miwani. Naapa machozi yalimlengalenga. Akasema miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile hajawahi kumsikia mtu anayejiombea adhabu, kwamba hayo ni majuto ya kweli na unyenyekevu wa askari, na kwamba nchi haiwezi kuwalipa waliolinda amani kwa kuwatupa gerezani. Akamwachia kwa sharti asitende kosa lolote kwa mwaka mzima. Mama akapiga kigelegele humo humo ndani.

Mimi nikasimama. "Mheshimiwa, huyu hajutii tu, anatuonya!"

"Kaa chini mama," akaniambia askari wa mlangoni. "Shauri limekwisha. Mshukuru Mungu."

Tulipotoka, mwana wa yule mwanamke alikuwa anaingizwa, amefungwa pingu.

Tongoni walikuwa wameshasikia. Majirani walijaa uani, karibu afande, karibu afande, na kila mmoja alitaka kumpiga bega. Yeye alijibana ukutani akiitikia salamu, jasho linamtoka. Walipopungua alinijia kwa mbele, taratibu, akaniomba kufuli.

"La nini?"

"Nifungie chumba cha uani, kwa nje. Ufunguo kaa nao weye. Asubuhi ukinifungulia, simama mbali."

Nikamfungia. Kufuli lilikataa mara ya kwanza. Jua lilikuwa bado halijazama mama alipokuja na sahani ya wali wa nazi, akaliona lile kufuli, akanitazama mimi.

"Nani kamfungia mwanangu?"

"Miye. Kaomba mwenyewe."

"Nipe ufunguo."

"Sikupi, mama."

"Weye una wazimu? Hakimu mzima kamwachia, weye ndiye umfunge?"

"Hakimu halali humu."

Mama akaweka sahani chini, akanikamata mkono nilioufumba, akaanza kunibandua vidole, kimoja kimoja, huku analia. Ana nguvu mama yangu, na sikuweza kumsukuma mtu aliyenizaa. Kidole cha mwisho kilikuwa kinaachia tuliposikia kitanda kikilia mle ndani, kisha sauti yake ikatoka karibu kabisa na ubao wa mlango.

"Mama, mwache dada," alisema. "Na mwondoke hapo mlangoni. Mwondoke sasa hivi."