Siku Nilipogombezwa Kanisani

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipotoka kanisani katikati ya ibada nikiamini nimeingia kanisa la watu wengine. Nilikuwa msichana, mwalimu mpya wa shule ya msingi niliyepangiwa kazi Mlandizi, nimetoka kwetu Mpwapwa na sanduku langu la bati. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Serikali ikikwambia nenda, unakwenda, maswali utawauliza wenyeji ukifika.

Sasa elewa jambo moja. Sisi Waanglikana wa bara na wale wa pwani tuliletewa Injili na wamisionari tofauti. Kwetu tulikuwa na mchungaji, kitabu cha nyimbo, na mahubiri marefu ya kukulaza usingizi, ukiamka unayakuta bado yanaendelea. Pwani nikamkuta padri, kengele ndogo inalia, watu wanafanya ishara ya msalaba, na moshi wa uvumba umetanda hata madhabahu siioni vizuri. Nikasema moyoni, Tabita, umepotea, hawa ni Roma. Nikachukua Biblia yangu nikatoka kwa kunyata.

Nje nikamkuta Mzee Yohana, mzee wa kanisa, anawafukuza mbuzi wasiingie mlangoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti," akasema. "Mbona watoka? Moshi umekuzidi?"

"Hapana, mzee. Natafuta kanisa la Anglikana."

Alinitazama, akalitazama kanisa, akanitazama tena. "Ndilo hilo ulilolipa mgongo," akasema, akanishika mkono akanirudisha ndani.

Wakati wa matangazo akasimulia kisa chote, na chumvi akaongeza. Kanisa zima likacheka, padri naye akajishika mbavu, mimi nikatamani ardhi ipasuke. Lakini kilikuwa kicheko cha watu waliofurahi kuniona. Wakanipigia makofi, wakanitolea kiti mbele kabisa, ilhali wenyewe wamebanana kwenye mabenchi. Nilirudi chumbani kwangu siku ile nikiimba.

Basi kile kiti kikawa changu. Jumapili iliyofuata nikakalishwa palepale, na iliyofuata vilevile. Kukiwa na chakula, sahani ya kwanza yangu. Jumamosi kina mama walipokwenda kupalilia shamba la kanisa, nilifika na jembe begani, na Mama Agnesi, kiongozi wao, akanipokonya.

"Mgeni wetu, wewe kapumzike. Wiki nzima unahangaika na watoto wetu."

Alisema kwa nia njema kabisa, nakuapia. Na mwanzoni nilistarehe, nani asiyependa kutumikiwa? Lakini miezi ikapita, mwanangu, nikabaki mgeni wetu. Jina langu hawakulitaja. Kina mama walikuwa wakipanga nani apeleke uji kwa mgonjwa, wakibishana, wakitaniana mpaka machozi yanawatoka. Mimi nikisogea, wanajiweka sawa na kuniuliza, "Habari za Mpwapwa?" Najibu nzuri, ingawa za Mpwapwa hata mimi sikuwa nazo.

Upweke wa kuheshimiwa ni mbaya. Ukidharauliwa angalau unajua ugomvi wako ni na nani. Mimi ningemlalamikia nani, na kwa kosa gani? Kwamba wananipa kiti? Nililia peke yangu, kisha nikamwambia mwalimu mkuu kwamba shule zikifungwa nitaomba uhamisho nirudi kwetu.

Shule hazijafungwa, ikafika siku ya kukandika kanisa. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, na kila mwaka kabla ya mvua tulilikandika upya mahali udongo ulipobanduka. Wanaume walichimba na kuukanyaga, kina mama wakachota maji na kukandika. Na hawakuwa Wakristo peke yao. Majirani zetu Waislamu walikuja pia, kwa sababu wetu walikwenda kuwasaidia siku ya kuezeka msikiti. Ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyeona ajabu.

Nilifika nimevaa gauni la kazi. Mama Agnesi akanitolea kiti kivulini na soda ya machungwa. Soda, mwanangu! Wakati ule soda ilitafutwa kama dawa. Nikaketi nayo mkononi, nikiwatazama watu wakiimba na kuchekana kwa tope.

Bi Mwanahawa akapita mbele yangu na ndoo kichwani. Huyu alikuwa mwanamke wa Kizaramo, mkulima wa palepale, na msikitini kwao hakosi. Alikuwa ameloa tope mpaka viwiko. Akatua ndoo.

"Mwalimu, waumwa?"

"Siumwi, bibi."

"Una ujauzito?"

"Bibi! Hata mume sina."

"Basi ati umekalia nini? Mie wa msikitini nimegeuka tope, wewe mwenye nyumba wanywa soda?"

"Wamenikataza," nikasema, na sauti ikanitetemeka. "Kila siku wananikataza. Mimi kwao ni mgeni."

Bi Mwanahawa hakunipa pole. Alishika kiuno. "Na wewe ukakubali? Mie leo kaniita nani? Nimeona watu wanakandika, nimekandika. Weka chini chupa yako hiyo." Halafu akawageukia wenzake, akapaza sauti mpaka wachimbaji wakasimama. "Nyie kina mama! Huyu mwali mtamtoa lini ndani? Mwenzenu yuwalia hapa!"

Kina mama wakatazamana. Sikungoja waseme neno, kwa maana nilijua nikingoja watanibembeleza, na nikibembelezwa nitakaa tena. Nikavua viatu, nikakumbatia tonge kubwa la udongo, nikakimbilia ukutani palipokuwa na pengo. Kwetu niliwaona watu wakikandika, ila mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa bweni, sijawahi. Nikalirusha kwa nguvu zangu zote, na hasira zote za miezi ile.

Udongo haukushika. Ulipita kati ya fito ukaingia ndani ya kanisa, na ndani, upande wa pili wa pengo lile lile, alikuwapo Mama Agnesi.

Akatoka nje taratibu, kilemba chote udongo, jicho moja halionekani. Nilijua uhamisho wangu hautangoja shule zifungwe.

"Wee Tabita!" akafoka. "Huna macho? Kukandika gani huko, wawinda ndege? Njoo hapa! Shika udongo hivi, ubane kwenye fito, usitupe! Na ukimaliza pengo hili unakwenda kuchota maji, na soda hiyo nipe mimi niliyepigwa!"

Mwanangu, nililia mbele za watu, na nilikuwa nikicheka pia. Kumbe jina langu alikuwa analijua siku zote! Mgeni hagombezwi, hata angemwaga mchuzi wote. Mimi nimegombezwa kama mtoto wake wa kumzaa. Mama Agnesi akanitazama, naye akaelewa. Akanikumbatia na tope lake lote, akaninong'oneza, "Tusamehe, mwanangu. Tulidhani tunakutunza." Nyuma yetu Bi Mwanahawa alikuwa anatuhimiza tuache kukumbatiana, udongo unakauka.

Uhamisho sikuomba tena. Niliolewa hapa, nimezeeka hapa, na wajukuu wangu ni Wazaramo wa Mpwapwa, kabila ambalo hulikuti kwingine.

Nawaambia haya wewe na wenzako mliohamia Kibaha na Kisarawe, mnaowahi Dar alfajiri na kurudi mmechoka. Mnanilalamikia kwamba kanisani hakuna anayewajua. Atakujuaje, mwanangu, nawe unakaa karibu na mlango na kutoka kabla ya matangazo? Usingoje kualikwa. Ukiona watu wanafagia, shika ufagio. Ukikosea watakukosoa, na wakikukosoa ujue umeshapokelewa.

Na waliotangulia kufika uwaambie hivi: msiridhike na makofi. Kumpa mtu kiti ni vizuri, lakini mjue jina lake, mpeni kazi, tena kazi yenye jasho, mfike kwake anapougua, na akiharibu mwambieni bila kuogopa. Wala msidhani Mungu atawatumia watu wa kanisani kwenu tu kuwafundisha. Mimi nyumba ya Mungu niliingizwa na Bi Mwanahawa wa msikitini, na mpaka leo namwombea.

Haya, inama nikubariki. Mungu akupe watu wakutafutao usipoonekana, wakugombezao bila kukuchukia, na wakuombeao usipojua. Mikono yako isikose la kufanya nyumbani mwake, na popote utakapohamia, usiishi mgeni siku zako zote. Amina. Sasa nenda kachote maji, ndoo zi tupu.