Kerengende Walipotoweka

Salme Ilves alikiogopa kinamasi tangu utotoni, na bado kila mwezi wa saba aliingia humo kuchuma matunda ya njano, maana jamu haijipiki. Wenzake walimcheka. Yeye alishika ufito wake mrefu kwa mikono miwili, macho kwa kerengende, wale wadogo weusi wenye nyuso nyeupe. Wanapozagaa wao, chini ni maji, hata kama juu pameota kijani cha kupendeza. Kijiji kizima kilijua hilo. Kilichosahaulika haraka ni kwamba bila jua hawaruki.

Siku hiyo wingu lilitanda ghafla. Kerengende wakatoweka, naye Salme akasimama palepale.

"Twende bwana, wifi," alisema Endla, dada wa mumewe. "Pale mbele pamejaa matunda, na kerengende hakuna hata mmoja."

"Jua ndilo halipo. Ngoja litoke."

"Wewe nawe, hata uji ukitokota unashtuka."

Endla akabwaga ufito wake, akachukua ndoo, akaenda. Hakufika mbali. Kijani kilimpasukia miguuni, akazama hadi kifuani.

"Wifi," aliita, kwa sauti ndogo ambayo Salme hakuwahi kuisikia kwake.

Salme alitaka kukimbia. Miguu ilikwisha kugeuka. Sijui kilichoirudisha, na yeye hajui. Alizilaza fito zote mbili mbele yake, akalala kifudifudi juu yazo, akatambaa. Kijani kilibonyea chini ya tumbo lake, maji baridi yakapanda hadi kwapani.

"Usirushe miguu. Shika hapa."

Alivuta, akapumzika, akavuta tena. Endla alitoka kidogo kidogo, bila buti, bila ndoo, akajilaza ubavuni mwake akitweta.

Ndipo jua lilipochomoza. Kerengende mmoja aliinuka, kisha wa pili, kisha pande zote, hata nyuma walikotokea wanawake hao. Mmoja alitua kwenye kitambaa cheupe kichwani mwa Salme. Wanawake wote wawili walikuwa wamelala juu ya maji matupu, wamebebwa na majani tu.

"Wifi," Endla alinong'ona, "unaogopa?"

"Naogopa mpaka nataka kutapika."

Endla akamsogezea ufito taratibu.

"Basi tangulia wewe."