Shaba ya Friji

Harufu ya mafuta ya breki hainitoki puani hadi leo: nzito, yenye utamu wa uongo, ya kitu kinachobabua rangi ya gari na mikono ya fundi. Ndiyo iliyokuwa harufu ya uwanja wetu wa Kabondo, Kisangani, miaka ya vita, Papa, baba yangu, alipokuwa akitengeneza malori yaliyozeeka. Ugonjwa wao ulikuwa tuyo, kile kibomba chembamba kinachopeleka mafuta magurudumuni ili breki ishike. Kutu ilizila, na mto ulipofungwa kwa vita, tuyo mpya za chuma hazikupanda tena kutoka Kinshasa. Mafundi wengine wakaanza kukata vibomba vya shaba vya friji mbovu na kuvifanya tuyo. Papa aliwacheka. Shaba ni laini, alisema, inakunjika vizuri na kumpa fundi kiburi, lakini ikitikiswa barabarani huchoka na kupasuka bila taarifa. Yeye alikuwa na desturi yake: akimaliza breki, alinipandisha mimi, binti yake wa miaka tisa, kando ya usukani, tukateremka hadi kivukoni, mahali ambapo breki ikigoma unaingia mtoni. Mwenye gari akiona hivyo, hana swali. Nami nilijiona malkia.

Msimu mmoja bunduki zikaanza kusikika pembeni mwa mji, kila nyumba ikafunga mizigo. Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, alitaka lori lake ili avushe mke na watoto wanne. Alikuja asubuhi, akaja mchana. Hakai, hanywi hata maji. Kesho yake lori likawa tayari, na Papa akaniambia nibaki jikoni na mama. Nikalia kwa hasira. Nikatoka mbio hadi uwanjani, watoto wa Kambale wamekwisha kukaa juu ya magunia, nikauliza mbele za watu: “Papa, leo mimi sipande?”

Papa Kambale akamgeukia baba yangu. “Fundi, juu ya nini mutoto yako hapande?”

“Bon, iko na homa,” Papa alijibu, huku mimi nimesimama pale mzima wa afya. Njia ya mwongo ni fupi. Papa Kambale akapanda mwenyewe, akakanyaga pedali kwa nguvu zote, mara moja, mara mbili. Ya tatu ikazama, na mafuta yakachuruzika chini kutoka kwenye kipande cha shaba ya friji ambacho Papa mwenyewe alikifunga. Akawateremsha watoto wake mmoja mmoja. Nilimwonea Papa aibu.

Tuyo ya chuma ilikuwepo. Ilikuwa kwenye pikapu yetu, ambayo Papa aliitunza ili tukimbie nayo. Papa akalala chini yake, akafungua tuyo, akaifunga kwenye lori. Mama akakanyaga pedali, naye akapapasa kila kiungo kwa karatasi kavu akitafuta unyevu. Kisha akanipandisha. Tulisimama vizuri kivukoni, akina Kambale wakavuka, na sisi, pikapu yetu haina breki, tukabaki mjini, mabomu yakianguka, tumejibana chini ya vitanda.

Leo tuyo zinauzwa madukani, na fundi wangu hunipa risiti yenye mhuri. Juzi mwanangu aliomba kupanda wakati wa kujaribu breki. Nikamshusha kwa ukali ulionishtua mwenyewe. Miaka yote nimesimulia wema wa Papa aliyetoa njia yetu ya kukimbilia, na kwa hilo ninampenda. Lakini usingizi haunijii nikifikiria yale mengine. Siku ile alijua breki ni mbovu, akaniacha jikoni. Siku nyingine zote alidhani tu kwamba ni nzima, na akanipandisha.