Ganda la Ansbert

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Mzee Ansbert alikaa mlangoni, akachovya kitambaa kwenye majivu na maji ya limau, akalisugua ganda lake la risasi mpaka likang'aa. Mkewe Jovina, akipita na ndoo, alizoea kumuuliza, "Mtoto kaamkaje?" Ansbert naye hujibu kwa uso mkavu, "Salama."

Lilikuwa ganda tupu, halina baruti wala kichwa. Zamani Ansbert aliwahi kuajiriwa na kampuni ya uwindaji huko kusini, kazi yake kuokota maganda nyuma ya wageni. Mgeni mmoja akamwonyesha risasi isiyouzwa duka lolote. Kumbe alichukua ganda la bunduki nyingine, akalibana shingo ili lishike kichwa chembamba zaidi, halafu akaliita kwa jina lake mwenyewe. Ansbert akaitazama risasi, akamtazama na mwenyewe. Mtu mzima, anaogopa mijusi, halafu ana risasi yake! Tangu siku ile hakutamani gari wala nyumba ya ghorofa. Alitaka hilo tu: siku moja mtu mwenye cheo ashike ganda lake na aseme, hii ni risasi, na ni ya Ansbert.

Hapa Mbagala alikuwa fundi wa pampu za maji. Kalibu ya kubania shingo za maganda alijitengenezea kwa chuma cha pampu mbovu. Maganda mengi aliyotoka nayo kusini yalimpasukia shingo, mengine yakajikunja kama karatasi ya peremende, mpaka moja likakubali. Aina ile ya ganda kubwa la kupigia nyati, aliyoibana, akaiita mama. Hili jembamba akaliita mtoto.

"Na baba ni nani?" Jovina aliuliza.

"Mimi."

"Haya. Sie wengine tumeletewa mke mwenza wa shaba."

Shida ikabaki moja. Risasi ya kujitungia inataka bunduki yake, maana haiingii kwenye bunduki nyingine yoyote. Ansbert hakuwa na bunduki, wala kibali cha kuwa nayo. Akamwendea Fakihi, Mmakonde mchonga vinyago wa nyumba ya nyuma, akamwachia ganda achukue kipimo.

Fakihi akachonga bunduki kwa mpingo. Alipoileta, Jovina alijiziba mdomo. Ilikuwa na kitako, ilikuwa na kifyatulio, lakini kuanzia hapo kwenda mbele walipandana watu: bibi, wajukuu, mwanamke anatwanga, mzee ananusa ugoro. Ganda likaingizwa kwa nyuma, likakaa kama jino kwenye fizi. Ansbert machozi yakamlenga. Kisha akachungulia upande wa mbele.

"Fakihi, mbona hakuna tundu? Risasi itokee wapi?"

"Mzee wangu, hapo pana ukoo mzima. Nimtoboe nani?"

Ansbert akawatazama mmoja mmoja. Hakumwona wa kutobolewa.

Haukupita muda mtaa wote ukajua kwa Ansbert kuna bunduki. Bi Yasmini, mjumbe wao wa nyumba kumi, akaja kashika kiuno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nakuheshimu sana, ila twende kituo cha polisi. Watu wanaogopa kupita hapa."

"Kituoni watalitazama na ganda?"

"Watalitazama weee, mpaka ujute."

Ansbert akaingia ndani mbio, akavaa suti ya kanisani.

Kituoni, Afande Gibson aliigeuzageuza ile bunduki, akamgusa mzee wa ugoro puani, akaangua kicheko. Ansbert akamsogezea ganda.

"Tazama hili, afande. Hii ndiyo risasi."

"Ya bunduki gani?"

"Hiyo uliyoshika."

"Hii ni kinyago, mzee."

"Basi hakuna bunduki nyingine inayoiweza risasi hii."

"Kama hakuna bunduki inayoiweza, si risasi. Ni kishaba tu. Katie maua."

Ansbert akamsogezea ganda tena. "Andika kuwa ni risasi, mwanangu. Nakuomba."

"Nikiandika risasi, utalala ndani."

"Nilale."

"Mzee, mahabusu si gesti! Bi Yasmini, mrudishe nyumbani, hana kosa."

Ndivyo alivyorudishwa na kinyago chake, hana kosa. Jovina alipiga vigelegele, akabandika pilau. Majirani wakamiminika kumpa mkono. Hongera, mzee! Hongera sana! Kila hongera ilimchoma. Alipoishiwa mikono ya kupeana, alisimama, akatia ganda mfukoni. Suti bado iko mwilini.

"Unakwenda wapi na pilau linaiva?" Jovina aliuliza.

"Kituo kikubwa. Kujisalimisha."

"Kwa kosa gani, baba?"

"La kutengeneza risasi."

"Na huko wakisema si risasi?"

"Mbele yake kuna kingine. Nchi hii kubwa, Jovina. Hawawezi kuwa wajinga wote."

Jovina akacheka, akajua ni utani wake ule ule, akaenda kumtengea sahani. Ansbert akatoka. Akawapita watu waliojazana kwa Fakihi, kila mtu anaagiza bunduki yenye babu zake, hakuna aliyegeuza hata shingo kumtazama. Akaingia barabara ya Kilwa kwa miguu, suti inapepea, na hakurudi tena.